Barafu Aliyonyimwa Mama

Kaka yangu hajawahi kupanga jambo bila kamati. Hata tulipokuwa watoto kule Moshi, tukitaka kwenda kuoga mtoni, lazima yeye awe mwenyekiti. Kwa hiyo siku ya Krismasi, nyumbani kwake Harrow, huku London, alipogonga glasi kwa kijiko akatangaza kwamba tutampeleka Mama Aislandi akaone barafu kwa karibu, nilijua kamati imeshaundwa. Yeye mwenyekiti, mkewe katibu, mimi mjumbe wa kutumwatumwa. Mama mgeni rasmi.

Mama alikuwa amekuja kutoka nyumbani kwa visa ya kutembelea familia, na alikuwa anakaa kwangu Kilburn, chumba kimoja na sebule, kwa sababu nyumba ya kaka yenye vyumba vinne "ina ngazi". Wifi yangu ndiye aliyesema hivyo, kwa upole kabisa. Kwangu ni ghorofa ya tatu na lifti hakuna, lakini mimi nafanya kazi ya kuwasafisha wazee, na ngazi za mtu kama mimi hazihesabiwi.

Jambo lenyewe lilikuwa macho. Mama ana presha ya macho. Daktari wa Moshi alishamwambia, na wa huku akarudia yale yale: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinakwenda. Alikuwa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Cha karibu alikiona vizuri, cha mbali kilikuwa ukungu mtupu. Na kitu kimoja alichotaka kabla giza halijamfika ni barafu. Mama kazaliwa chini ya Kibo, kaolewa chini ya Kibo, kamzika baba chini ya Kibo. Wazungu walipita kwenye migomba yake miaka nenda rudi, wakienda kuikanyaga barafu ya kileleni, wakarudi pua zimebabuka, yeye akawauzia ndizi.

"Mimi mwenye mlima sijawahi kuigusa," alikuwa anasema. "Na sasa yenyewe inaisha, na macho yangu yanaisha. Tunashindana."

Kaka alieleza mpango wake huku anakata kuku. Tutapanda ndege, tutakodi gari, halafu tutaingia kwenye boti inayozunguka ziwani mpaka mbele ya ukuta wa barafu, barafu ya kale, ya bluu, inayoteremka yenyewe kutoka mlimani. Nahodha huokota kipande majini, abiria wakakishika. Mama aliposikia hilo la kushika akaacha kula.

"Mkononi kabisa?"

"Mkononi, Mama."

"Bila glovu?"

"Wewe tu na ubabe wako," kaka akasema, na meza nzima ikacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anavitazama viganja vyake.

Basi ikawa kazi. Wifi akataka sare. Sisi Watanzania hata barabara hatuwezi kuvuka bila sare, na katibu wetu akaagiza vitenge vya bluu kutoka Dar, vishonwe vizibao vya kuvaa juu ya makoti. Grupu la familia kwenye simu likawa halina habari nyingine: nani atakaa mbele, nani atapiga picha, Mama avae buti zipi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumfundisha Mama kupanda boti. Nilitumia bafu. Nilitia maji kidogo, nikaweka kigoda cha plastiki katikati, nikamvisha koti na buti, akashika bega langu akavuka ukingo. Mara ya kwanza alivuka kama anaruka moto. Akishaketi nilikuwa namyumbisha na kumrushia maji, napiga kelele, "Wimbi hilo!" Yeye anacheka mpaka machozi, anashikilia kigoda, ananiambia mimi ni nahodha mlevi. Jirani wa chini alikuja kugonga mlango kulalamika. Nilimfungulia nikiwa nimelowa chapachapa, nyuma yangu bibi kizee kavaa koti la baridi ndani ya bafu. Aligeuka akashuka zake.

Asubuhi, kabla ya chai, Mama alikuwa anafungua friza na kuingiza mkono kati ya samaki na mbaazi, anautuliza mle mpaka vidole vinakufa ganzi. Anajizoesha. Nikimwambia atoe mkono ataugua, ananijibu, "Wewe ulizaliwa kwa baridi ipi ya kunifundisha mimi baridi?"

Mimi ndiye niliyeuliza habari ya visa. Tulikuwa kwa kaka tena, vizibao vimefika, watu wanajipima. Nikasema, jamani, sisi tuna pasi za Uingereza, Aislandi tunaingia kama tunaingia sokoni. Mama je? Kaka alinitazama, halafu akamtazama mkewe. Niliona kabisa kwamba walikuwa hawajawaza. Wamekaa huku muda mrefu mpaka wamesahau mama yao ni mgeni wa nchi hii, wanadhani kila aliye ukoo wao anafunguliwa milango wanayofunguliwa wao. Mtu mwenye nyumba na bustani, kamati na katibu, anasahau pasi ya mama aliyemzaa!

"Hilo niachie mimi," kaka akasema. "Nalishughulikia."

Nilimwachia. Ndiye kaka mkubwa, na neno lake nyumbani kwetu lilikuwa neno.

Wiki chache kabla ya safari akapiga simu. Nilikuwa napika, simu nikaiweka mezani, sauti nje, Mama akiwa anamenya vitunguu ameviinamia. Kaka akaongea kwa ile sauti yake ya msibani.

"Mama, nina habari mbaya. Wenye boti wameandika. Barafu imeyeyuka. Imerudi nyuma sana mwaka huu, boti haifiki. Wameahirisha kila kitu."

Mama aliweka kisu chini.

"Imeyeyuka hata kule kwa Wazungu?"

"Hata kule, Mama. Dunia imeharibika."

"Ee Ruwa," Mama akasema. Ruwa ni Mungu kwa Kichaga, na Mama humwita kwa jina hilo akizidiwa. "Basi pole, baba. Mmehangaika bure kwa ajili yangu. Mwambie mkeo pole."

Akampa pole yeye! Na alimwamini, angeachaje? Amekaa akiitazama Kibo ikinyonyoka mwaka hadi mwaka mpaka ikabaki na viraka. Mtu huyo ukimwambia barafu imekwisha, hana sababu ya kubisha. Hata mimi niliamini. Nikaenda kazini kurudisha likizo yangu. Kesho yake Mama hakufungua friza. Alikaa dirishani akasema, kwa utulivu kama anasema habari za mvua, "Basi nimeshindwa mimi."

Njia ya mwongo ni fupi. Ilikatika Jumapili moja, wiki kadhaa baadaye, kanisani, baada ya ibada ya Kiswahili, wakati wa chai na maandazi ukumbini. Mama mmoja Mkongomani, jirani yetu wa benchi, mtu mwema asiyejua lolote, akaja kumshika Mama mikono.

"Hongera, mama! Tumeona watoto wako kwenye barafu! Ni nzuri sana! Wewe ulibaki kwa nini?"

Mama akasema hajaelewa. Yule mama akatoa simu. Wifi alikuwa ameiweka video mahali pake pa kujionyeshea, ambapo mimi alinizuia nisione. Hakukumbuka kuwazuia waumini. Nilisogea nikaona. Boti. Ziwa. Ukuta wa bluu umesimama nyuma yao, mkubwa kuliko kanisa. Na wao na rafiki zao, wote ndani ya vizibao vyetu vya kitenge. Kizibao cha Mama kilikuwa kimevaliwa na rafiki wa wifi kutoka ofisini.

Mama hakuangalia kioo. Alisikiliza. Ndani ya simu ukasikika mshindo, kama lori linamwaga mawe.

"Hiyo ni nini?"

"Ni barafu inakatika, mama," yule Mkongomani akamweleza. "Inaanguka ndani ya maji."

"Rudisha nisikie."

Akarudisha. Mshindo ule ukapita tena, watu wakashangilia, na baada yake ikaja sauti ya wifi yangu, safi kabisa, anacheka na mwenzake: "Afadhali bibi hakuja. Angeona nini?" Halafu sauti ya kaka. Na kaka naye alicheka. Kicheko cha mwanawe Mama anakijua kuliko jina lake mwenyewe.

Yule mama Mkongomani aliizima simu kama imemuunguza. Mama akamshukuru. Akamaliza chai yake yote, akala na andazi. Kwenye basi alikaa wima, mkoba mapajani, na mimi nilikuwa nasonya mpaka mtu wa kiti cha mbele aligeuka.

Nilimpigia kaka tukiwa bado ngazini. Sikumsalimia. Nilimwita fisi. Nilimwambia hata fisi humwachia mamaye mfupa. Akaanza kujieleza: oh, visa ilikuwa haiwezekani, lazima iombwe yeye akiwa Tanzania, oh, ilishapita wakati, oh, likizo ya mkewe isingehamishika, hakutaka kumuumiza Mama.

"Kwa hiyo ukamuulia barafu," nikamwambia. "Ungesema tu umekosea. Angekusamehe kabla hujamaliza kusema. Wewe ukaona bora aombolezee barafu, kisha ukaenda kumcheka mbele ya barafu hiyo hiyo!"

Akasema maneno ya familia yazungumzwe kwenye kikao. Kikao! Nikamkatia simu.

 Tangu kesho yake Mama alianza kuniuliza asubuhi kama kumekucha.

Kaka akaja Jumamosi. Kamati yake nadhani ilimshauri, au alimpigia simu mjomba nyumbani, maana alikuja na sale. Kwa sisi Wachaga, sale ni jani la mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu kosa zito, unalifunga jani fundo, unampelekea, unapiga magoti. Na anayeletewa sale hana ruhusa ya kukataa. Hata kama ulimuulia ndugu, akishalipokea yamekwisha, na asipolipokea laana inamgeukia yeye. Ndiyo silaha ya mwisho ya mkosaji, na haijawahi kushindwa. Huku London mmea wenyewe wanauza kwenye vyungu, pambo la ofisini. Kaka alikuwa amekata jani moja kwenye chungu cha dukani. Mkewe alibaki kwenye gari.

Nilitaka kumfungia mlango. Mama akasema, "Mwache apite."

Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mwanga wa mchana unamwangukia. Kaka akapiga magoti kwenye zulia langu, suruali yake nzuri, kipara kinang'aa jasho. Akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Mama, nimekosa. Nimekuletea sale."

"Umeleta nini?"

"Sale, Mama."

"Liko wapi?"

"Hili hapa. Mbele yako."

Mama akageuza uso kidogo huku, kidogo kule, kama mtu anayetafuta nzi kwa sauti.

"Silioni, baba."

Kaka akasogea kwa magoti mpaka jani likawa shibiri moja kutoka puani kwake. "Hili, Mama."

"Sioni kitu."

Akataka kumshika mkono amwekee. Mama akaiingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Sale huonyeshwa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Aliyekosewa akiliona ndipo analipokea. Mimi nimeshakuwa kipofu, baba. Ningekataa sale ningelaaniwa, nami sijakataa. Sijaliona tu. Siku utakayopata namna ya kunionyesha, rudi."

"Mama, tafadhali."

"Nenda salama. Mkeo anakungoja."

Alibaki pale muda, mikono imenyooka na jani lake. Alinitazama mimi nimsaidie. Nilikunja mikono. Mwishowe akainuka, akasimama kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini, akatoka na jani lake. Nikasikia akishuka zile ngazi, moja moja.

Mama akaitoa mikono mapajani, akaisugua damu irudi.

"Hata kufunga fundo hajui," akasema. "Amelifunga kama kamba za viatu."

Nilicheka, Mungu anisamehe asinisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye alikuwa hacheki. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, kwenye barabara ile ambayo kwake yote ilikuwa ukungu, na alikuwa ameinama mbele, amekaza macho, anahangaika.

"Njoo hapa," akaniambia. "Niambie. Analia?"

Nikachungulia. Kaka alikuwa ameketi ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja nje, kichwa kimelala kwenye usukani, mabega yanapanda na kushuka.

"Analia, Mama."

"Vipi?"

Nikavuta kigoda nikakaa karibu yake, nikamsimulia yote, taratibu, asikose kitu.