Pembe za Namakwekwe

Kitu cha kwanza nilichotengeneza kilikuwa kizuri, na hakuna aliyekitaka.

Kilikuwa shingo ya kabureta, ile njia fupi inayopitisha hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi ndani ya injini. Shingo zinazokuja na pikipiki za boda ni za mpira, na mpira ukipigwa na joto mwisho wake hupasuka. Mimi nilikuwa na karakana nyuma ya duka moja la zamani la Kihindi hapa Jinja, na mashine ya kukereza chuma niliyoinunua kiwanda nilichofanyia kazi kilipofungwa. Nikayeyusha pistoni mbovu, nikamimina shingo ya alumini, nikaisugua ndani kwa msasa mpaka ikawa laini kama kikombe cha chai. Nikaifunga kwenye pikipiki yangu, nikaenda Mbale na kurudi. Injini ilipumua vizuri na ilikunywa petroli kidogo. Nilimwambia mke wangu kwamba safari hii tumepata. Akaishika ile shingo, akaigeuza, akaniuliza mfuniko wake uko wapi.

Mbale nilikuwa na mtu mmoja wa kunisaidia kuuza, mama Mkenya mwenye duka la spea pale Namakwekwe. Alivuka mpaka miaka mingi iliyopita akiyafuata malori, akauza chai kwa madereva, halafu matairi, halafu kila kitu kinachoweza kuharibika. Jumapili alifunga duka akaenda kanisani, na Ijumaa alinikumbusha swala kuliko imamu wangu. Tulizungumza Kiswahili bila kuchechemea, yeye kwa sababu ya kwao, mimi kwa sababu nyumba yetu ya Kiislamu iliongea hivyo tangu enzi za babu.

Alimwita mwenyekiti wa steji ya boda iliyokuwa mbele ya duka lake, aijaribu shingo. Mwenyekiti alikuwa mtu mzito, mwenye koti la ngozi alilolivaa hata jua likiwa utosini, na alizungumza polepole kama anayesomewa maneno na mtu mwingine. Akauzunguka mtaa, akarudi, akazima.

"Haji," akaniambia. Sijawahi kufika Maka, lakini kwetu ukivaa kofia na kuuza kitu unapewa uhaji bila nauli. "Haji, hii kitu haisemi."

"Inapunguza petroli," nikamjibu.

"Petroli iko ndani ya tanki. Nani ataiona?"

Akanirudishia. Mama alingoja aende zake, kisha akaniambia, "Fundi, wewe umeleta pumzi. Hawa watu wanataka sauti."

Nilirudi Jinja nimeudhika, na fundi aliyeudhika ni mtu wa hatari kwa sababu ana vifaa. Boksi la filta ndilo linalomeza kelele ya injini inapovuta hewa. Ukiling'oa na kuweka mahali pake bomba lenye mdomo mpana kama wa tarumbeta, pikipiki hunguruma kama fahali aliyefungiwa zizini. Nguvu haiongezeki hata chembe. Kwa injini ndogo kama hizi hupungua, na hilo nililijua. Nikayeyusha masufuria, nikatengeneza mabomba sita, nikayaita pembe.

Mwenyekiti alipowasha, kuku wa jirani waliruka ua, na mwanamke aliyekuwa akianika nguo akageuka kutazama. Naamini yule mwanamke ndiye aliyeniuzia pembe ya kwanza. Kabla ya Ijumaa ya pili steji nzima ilikuwa nazo, maana hakuna dereva aliyetaka abiria afikiri kwamba pikipiki yake inaumwa.

"Mteja akiuliza imetoka wapi, unamwambiaje?" nilimuuliza mama.

"Namwambia imetoka nje."

"Jinja si nje."

"Ukiwa Mbale, Jinja iko nje," akasema, akaendelea kutundika cheni zake kwenye misumari.

Mwenyekiti hakuridhika na mtaa. Akatangaza kwamba ataipanda barabara ya mlima wa Wanale bila kusimama, jambo ambalo pikipiki za kawaida hulifanya kila asubuhi. Mimi, mama na madereva wenzake tulitangulia tukangoja kwenye kona ya juu. Tulimsikia tangu bondeni. Tukaendelea kumsikia. Tulimsikia mpaka mwenye mahindi ya kuchoma akachoma, tukala, tukatupa magunzi. Halafu ikatokea pikipiki moja iliyonyamaza, imebeba mwanamke mmoja na mikungu miwili ya ndizi, ikatupita, ikaenda zake. Baada yake ndipo mwenyekiti akafika, yuko gia ya kwanza, koti limelowa jasho.

Akazima. "Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu wote, na mmoja akaongeza kwamba hajapata kuona mtu akipanda kwa kasi namna ile. Mimi nilitazama viatu vyangu. Juma lile sikuweza kuyeyusha masufuria ya kutosha.

Kelele zilipofika ofisi ya wilaya, ikamtuma afande mmoja. Alisimama mbele ya duka ameshika pembe aliyoing'oa kwenye pikipiki ya mtu.

"Nani natengeneza hii kitu?" akauliza.

Huku kwetu, watu wengi wakisikia Kiswahili kutoka kwa mwenye sare hukumbuka miaka ambayo lugha ile ilibisha hodi kwa kitako cha bunduki. Steji nzima ikasahau lugha zote, pamoja na ya mama zao. Nami nikiogopa huwa na adabu kupita kiasi.

"Ni mimi, afande. Naomba radhi iwapo chombo hiki kimewaletea wananchi usumbufu. Niko tayari kukifanyia marekebisho yanayostahili."

Akanitazama; Kiswahili cha namna hiyo yeye alikizoea kwa wakubwa wake wa jeshini tu. Kisha akabana visigino. "Mzee, wewe ulikuwa kikosi gani?"

Jeshi nililiona barabarani tu, likipita. Ningeweza kusema hivyo. Badala yake nikasema, "Hayo tuyaache, afande," naye akakubali kuyaacha kwa heshima kubwa. Akanirudishia pembe kwa mikono miwili, akaagiza madereva wapunguze kelele karibu na hospitali. Kesho yake mama alikuwa ameandika ubao mpya: PEMBE ZA JESHI.

Halafu kikaja kiangazi, na vumbi jekundu, na pembe hazikuwa na filta ya kulizuia. Pikipiki ya kwanza kuletwa ilikuwa ikitoa moshi wa buluu, na mwenyewe alijivunia huo moshi. Nikafungua silinda, nikaikuta imechanwachanwa kama ubao wa shule uliokwaruzwa kwa msumari. Nikakata sponji la godoro, nikalichovya kwenye oili, nikatengeneza kofia za kuvalisha midomo ya pembe, nikazigawa bure. Lakini sponji hupunguza ngurumo. Madereva walinishukuru, wakazitia mifukoni. Nilipokwenda kumsalimu mwenyekiti kwake, mke wake alikuwa akisugua sufuria kwa ile kofia ya sponji. Akaniambia ni nzuri, ila inachukua siku mbili kuisha mafuta.

Haikupita muda, injini ya mwenyekiti ikafa. Alikaa kwenye benchi la steji majuma matatu, koti limefungwa mpaka shingoni, akiongoza wengine. Nikabeba silinda, pistoni na ringi mpya kutoka Jinja, nikaifungua injini mbele yake, kwenye kibaraza cha duka.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "pembe ndiyo iliyoiua hii. Nilijua haiongezi nguvu, na bado nikakuuzia."

Akawaangalia wenzake kabla ya kunijibu. "Haji, punguza sauti. Unataka hawa waseme mwenyekiti wao alidanganywa?"

"Nataka unisamehe."

"Hakuna kitu ya kusamehe. Wanale nilipanda, sikupanda?"

"Ulipanda."

"Basi."

Sikujua kama nimesamehewa au nimefukuzwa. Nikamaliza kazi, nikamfungia boksi la kawaida la filta, kama alivyolitaka aliyeiunda pikipiki. Ikawaka mara moja, taratibu. Mwenyekiti akainamisha sikio, akasikiliza muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, "Kumbe hii ndiyo ile mpya. Ile ya siri."

Madereva wakasogea. Mmoja akaniuliza ni mfumo gani. Nikamwambia ukweli, kwamba ni boksi la filta, lile lile pikipiki yake ilizaliwa nalo. Akatabasamu kama mtu anayeheshimu siri ya mwenzake, akaenda kumuuliza mama kama ana lingine.

Alikuwa nalo. Alikuwa nayo yote. Kila boksi nililoling'oa tangu siku ya kwanza aliliomba, nami nikidhani ni la kuwekea misumari.

"Mama, utawauzia vitu vyao wenyewe?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Fundi, wakivifunga, injini zao zitapumua au hazitapumua?"

"Zitapumua."

"Basi nishikie ngazi," akasema, akaanza kupanda kuelekea darini.

Nikaishika.