Mlango wa Pili wa Chumba cha Vijana

Nilikuwa mkunga kwa miaka mingi kabla ya kukabidhiwa chumba cha vijana katika kituo chetu cha afya, nje kidogo ya mji wa Koboko, kaskazini mwa Uganda. Watu wa mradi wa afya ya vijana walikuja kutoka Arua, wakapaka kuta rangi ya samawati, wakaleta kabati la dawa za uzazi wa mpango, wakapiga picha, wakaondoka. Kazi yangu ya wodini haikupunguzwa. Asubuhi nilizalisha, mchana nilisubiri vijana.

Hawakuja. Mlango ulitazamana na benchi la akina mama wanaoleta watoto kuchanjwa, na huku kwetu kila mama ni shangazi wa mtu.

Mchana mmoja akaingia binti wa sekondari, amejitanda leso kubwa juu ya sare yake.

"Sista, mimi nataka ile sindano ya kuzuia mimba," alisema kwa sauti ya chini.

Sijamaliza kumuuliza maswali, mwanamke mwenye mtoto mgongoni akafungua mlango bila kubisha. Alikuwa shangazi yake.

"Wewe iko hapa kufanya nini?"

"Kichwa inauma," binti akajibu.

Akanitazama. Nikampa vidonge vya kichwa, wakaondoka pamoja.

Nilimwomba mkuu wa kituo atoboe mlango upande wa nyuma, penye shamba la muhogo. Akaniambia niandike barua. Niliandika tatu. Nilipanda teksi mara mbili hadi Arua, na mara ya pili nilikaa kwenye korido ya ofisi ya mradi hadi miguu ikavimba, nikaambiwa mlango huo haumo kwenye ramani ya jengo. Njiani kurudi nililala, nikapitishwa pa kushukia.

Miezi mingi baadaye nilimwona tena binti yule wodini, uchungu umemshika. Shule alikuwa ameacha. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Shangazi yake alikuwa nje anafua vitambaa vya damu. Nilipotoka kunawa, akaniuliza bila kuinua uso:

"Sista, ile siku, kichwa ilimuuma kweli?"

"Muulize mwenyewe, mama."

Aliendelea kufua kitambaa kilichokwisha kutakata.

Siku chache baadaye akarudi kuniuliza chumba kile kinakosa nini. Nikamwonyesha ukuta wa nyuma. Jumamosi alileta kaka yake, fundi mwashi, na mlango wa mbao uliokwisha kutumika, ukuta ukatobolewa. Siku hiyo mkuu wa kituo alikuwa na mkutano mjini. Sikumuuliza kama aliupanga makusudi ili asituone.

Sasa vijana wanakuja, wengine kutoka mbali, na mara nyingi nawarudisha kwa sababu dawa zimekwisha. Sijapewa msaidizi. Binti yule alikuja mtoto wake alipotimiza wiki sita. Alinyoosha mkono, nikamchoma sindano, nikamwandikia kwenye kadi siku ya kurudi, nikamwita aliyefuata.