Maksai Wawili wa Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya sitini, Bwana Mifugo alinisimamisha ukingoni mwa josho, nje ya mji wa Shinyanga, akaniuliza ng'ombe hufanya nini akiona maji. Nikajibu kwamba hunywa. "Basi nusu ya kazi unaijua," akasema.

Ninyi mliozoea dawa ya kupuliza huenda hamjaliona josho. Ni mfereji wa saruji wenye kina, uliojaa maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe huruka ndani, huogelea, na kutokea upande wa pili. Sharti ni kumnywesha kwanza maji safi, maana mwenye kiu atakunywa dawa. Kwa hiyo kila mchungaji aliulizwa: wamekunywa?

Mwaka wangu wa tatu ukame ulikausha lambo tulilonyweshea mifugo. Siku moja foleni ilikuwa ndefu na jua kali, nami nikaacha kuuliza. Mama Kulwa, mjane tuliyesali naye kanisa moja, alileta ng'ombe sita kutoka mbali. Nikawaingiza. Maksai wake wawili, wale wa kuvuta plau, waligugumia dawa mle ndani. Kabla ya jua kutua wote wawili walikuwa wamekufa. Nilimwambia ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Mvua zilikuwa karibu, naye hakuwa na kingine cha kulimia.

Jumapili kanisani, tulipofika mahali pa kuomba kusamehewa, nilikatiza sala nikamtafuta Mama Kulwa kwa macho. Baada ya ibada nilimfuata nje.

"Mayu," nikamwita kwa Kisukuma, yaani mama, "haikuwa ndigana. Sikukuuliza kama wamekunywa."

"Ndigana gani inaua wawili mchana mmoja?" akasema. "Niliwaona wakinywa ile dawa, mwanangu. Nilikuwa nasubiri kuona kama utakuja kusema."

Kesho yake niliripoti mwenyewe. Bwana Mifugo akaandika barua ya kunifukuza. Mama Kulwa aliposikia, alitembea hadi ofisini. Karani alinisimulia kwamba aliwaambia wakinifukuza watamletea mwingine asiyejua uchungu wa kuua. Bwana Mifugo akaichana barua, kisha akaniita.

"Usidhani umeshinda. Umehurumiwa. Msimu huu ukitoka kazini, unashika jembe kwake."

Wiki ileile, siku ya kuogesha, nilimkuta Mama Kulwa wa kwanza kwenye foleni na ng'ombe wake wanne waliobaki. Nikamuuliza kama wamekunywa. "Wamekunywa," akajibu, "lakini niulize tena." Nikauliza tena.

Mvua ziliponyesha nililima shamba lake kwa mkono hadi viganja vikapasuka. Alikuwa akiniletea uji, akisema maksai wake walikuwa na mwendo kuliko mimi.

Baadaye nilihamishiwa Geita, nikawa msimamizi wa majosho hadi nilipostaafu. Vijana wengi walikosea chini yangu. Wengi niliwasamehe kwa maneno, kisha nikawapa ufagio, wasiguse dawa tena. Nalijutia hilo, nawaambia ninyi mnaoanza kusimamia wenzenu.

Mmoja tu, aliyekosea vipimo vya dawa akaunguza ngozi za ndama, nilimrudishia funguo za stoo wiki ileile. Kisha nikasimama mlangoni nikimwangalia akipima. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa mwendo wa Mama Kulwa asubuhi ile, akiwaswaga ng'ombe wanne kuja kwangu.