Nilivyojifunza Kiingereza kwa Hadithi za Mauaji, Stesheni ya Kaliua

Siku yangu ya kwanza kazini niliipokea treni nikiwa nimeishikilia kofia kwa mkono mmoja na bendera kwa mkono mwingine. Baba yangu, fundi cherehani wa mjini Tabora, alikuwa ameipunguza sare yote ya reli ikanikaa sawasawa, lakini kofia ilimshinda. Stesheni ilikuwa Goweko, katikati ya mashamba ya tumbaku. Mimi, Zuhura, ndiye niliyekuwa karani wa tiketi, na mwanamke peke yangu.

Stesheni Masta wa Goweko alikuwa mzee wa Nzega asiyependa maneno mengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha karatasi ndogo iliyoandikwa kwa wino.

"Hii ni laini-klia, ruhusa ya njia," akasema. "Dereva asipokuwa nayo mkononi, haingii njiani. Hata awe na haraka ya kumzika mama yake. Umenielewa, binti?"

"Nimeelewa, mzee."

"Basi kazi umeshaijua nusu."

Nusu iliyobaki ilikuwa kitabu cha kanuni, nacho kilikuwa cha Kiingereza. Kiingereza changu cha shule kilikuwa kama sufuria ya wageni: kipo, ila hakishushwi kabatini. Kuuza tiketi hakukuhitaji zaidi ya hapo. Lakini nilitaka kuwa stesheni masta, na anayetaka cheo hicho alisailiwa kwa Kiingereza mjini Tabora, mbele ya Mkaguzi wa Usafirishaji.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani mizito. Aliniambia nimweleze jinsi treni inavyopokelewa. Kazi hiyo ningeweza kuifanya nimefumba macho, lakini kwa Kiingereza nilisema: treni inakuja, treni inasimama, treni inaondoka. Nikaishia hapo.

Mkaguzi alisubiri, kisha akanirudia kwa Kiswahili. "Binti, hiyo treni yako haina abiria?"

"Haina, mzee."

"Hata mzigo?"

"Hata mzigo."

"Basi nenda ukaitafutie, kisha urudi."

Nililia njia nzima hadi nyumbani kwetu. Baba alinisogezea kiti karibu na cherehani nikakaa pale mpaka nikanyamaza.

Muda mfupi baadaye nikahamishiwa Kaliua. Kaliua ni makutano: reli ya kwenda Mpanda inaachana hapo na ile ya Kigoma, kwa hiyo watu hushinda wakisubiri. Mkuu wa stesheni alikuwa na kabati la vitu vilivyosahauliwa na abiria: miavuli, kiatu cha mguu mmoja, na vitabu vya Kiingereza ambavyo wenyewe hawakurudi kuviulizia. Majalada yake yalikuwa na picha za bastola, na mengine nyota na vyombo vya kuruka angani.

"Chukua usome," akaniambia. "Ukiviacha humu mchwa watavisoma kabla yako."

Msomaji mwingine alikuwa Gadi Hamisi, mtu wa Ujiji, gadi wa treni ya Mpanda. Vijana wa siku hizi hudhani bwana wa treni ni dereva. Siyo. Dereva huendesha kichwa tu. Anayeamua kuwa treni iondoke ni gadi, aliyeko behewa la mwisho na filimbi yake na bendera zake. Hamisi alikuwa na kamusi kuukuu, akaniazima. Baadaye akawa mume wangu. Nalisema mapema msije mkasumbuka kulibashiri.

Nikaanza na hadithi ya mauaji. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, kati ya treni na treni. Ukurasa wa pili niliambiwa kwamba bwana mwenye nyumba, mzee tajiri, alipiga ndoo teke. Nikaangalia kamusi: kupiga teke, sawa, ndoo, sawa. Nikajua hapa pana ushahidi mkubwa, nikaishika ndoo ile moyoni. Kila alipoingia mtu chumbani nilitazama kama atainama kuiokota. Polisi walipokuja nilisema sasa wataiona. Wapi! Nikafika ukurasa wa mwisho, muuaji amekamatwa, ndoo haijatajwa tena.

Treni ya Mpanda ilipoingia sikungoja hata salamu.

"Gadi, ile ndoo ilikuwa na nini ndani?"

"Ndoo ipi tena, Zuhura?"

"Aliyoipiga teke yule mzee! Nimesoma kitabu kizima naitafuta."

Hamisi alicheka mpaka akajikuta amekalia tenga la kuku la abiria. Kuku wakapiga kelele, mwenye kuku akapiga kelele, na yeye bado anacheka. Alipopata pumzi akanieleza kwamba kwa Waingereza kupiga ndoo teke ni kufa, basi.

"Sasa ndoo imeingiaje kwenye msiba?" nikamuuliza, nimeshikwa na hasira kweli.

"Hata mimi sijui. Lakini na sisi tukisema mtu ameaga dunia, umewahi kumsikia akiiaga?"

Nikacheka na mimi. Siku hiyo Kiingereza kiliacha kunitisha. Niliona kumbe nacho ni lugha ya watu, ina utani wake na upuuzi wake kama yetu.

Nikasoma vyote vilivyokuwamo kabatini. Sikuwahi kumpata muuaji hata mara moja, na sababu ilikuwa malezi. Sisi tuliokulia Tabora tumefundishwa kwamba mtu asiyesalimia ana lake jambo. Katika vitabu vile hakuna anayemwamkia mwenzake vizuri, kwa hiyo mimi nilimshuku kila mtu, kuanzia bibi mwenye nyumba hadi mpishi. Na jambo lililonisumbua kupita yote ni maiti. Mtu ameuawa, yuko sakafuni, na wenzake wanakunywa chai. Hakuna kilio, hakuna jirani anayekuja na mkeka, hakuna anayeuliza sanda. Wote wanauliza nani kaua. Hakuna anayeuliza nani kafiwa.

Hadithi za angani zilinishika kwa namna nyingine. Moja ilikuwa ya chombo kilichotumwa kwenye nyota ya mbali, abiria wamelazwa usingizi wa miaka mingi, na mwanamke mmoja amebaki duniani akijua kwamba mumewe atakapoamka yeye hatakuwapo. Nilimaliza ukurasa huo dirishani pa tiketi machozi yakinitiririka. Abiria mmoja alinipa pole ya msiba, nikaipokea, maana ningemweleza nini? Mimi nimewaona wengi wakiagana pale jukwaani. Aliyeandika yale, nilijiambia, naye amewahi kusimama stesheni.

Nyingine ilinikasirisha. Wageni wameshuka kutoka mbinguni, wametua shambani, na mtu wa kwanza kuwapokea anakwenda na bunduki. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba mizigo kati ya pwani na Ujiji katika njia hii hii iliyokuja kufuatwa na reli. Mji wetu umekuzwa na wageni. Mgeni hata awe na macho matatu, kwanza hukaribishwa, akapewa maji, ndipo akaulizwa habari za atokako. Nilimwambia Hamisi kwamba wageni wale wangetua Kaliua, hadithi ingekwisha ukurasa wa kumi, kwa pilau.

Halafu ikaja masika iliyovunja tuta la reli upande wa Mpanda. Treni ya Hamisi ikazuiwa kwetu, imejaa. Asubuhi watu walivumilia. Kufika adhuhuri subira ilikuwa imewaishia. Walimzunguka Hamisi, na mfanyabiashara mmoja wa vitunguu, mtu mrefu mwenye sauti, akamshika kola.

"Vitunguu vyangu vinaoza! Peperusha hiyo bendera tuondoke!"

"Ndugu yangu, mbele hakuna tuta. Nikupeleke majini?"

Wengine wakaanza kusukumana. Nilimwona Hamisi akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa behewa, na moyo wangu ukanidunda kwa namna ambayo sikuwa nimeitambua kabla ya siku ile. Mkuu wa stesheni akanitia mkononi kipaza sauti.

"Zuhura, wewe una maneno. Waambie chochote."

Nikapanda juu ya mizani ya mizigo. Sikuwa na habari yoyote ya njia. Nikasema kilichonijia.

"Ndugu abiria! Habari za njia bado hatujapata. Lakini nina habari nyingine. Tajiri mmoja amekutwa amekufa nyumbani kwake, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani!"

Yule wa vitunguu akaiachia kola.

"Wapi? Mpanda?"

"Kitabuni," nikasema.

Wakacheka, lakini hawakuondoka. "Nani kamuua sasa?" akauliza mtu. Nikaanza. Nikawapa nyumba, mpwa mwenye tamaa, daktari wa familia, mpishi aliyegombana na tajiri siku ile ile. Nilikuwa nakitazama Kiingereza kichwani na kukitoa kwa Kiswahili, na sikusita popote. Nilipofika kwa polisi, bibi mmoja wa Kisukuma aliyeketi juu ya furushi lake akanyanyua mkono.

"Mwanangu, subiri. Marehemu mmemzika wapi?"

"Kitabu hakisemi, bibi."

"Hakisemi? Basi hicho kitabu kina kasoro. Hatuwezi kwenda kwa polisi na mwenzetu yuko sakafuni. Mzike kwanza."

"Azikwe! Azikwe!" abiria wakaitikia.

Basi nikamzika. Nilileta majirani na mikeka, nikaweka wanawake jikoni na wanaume makaburini. Mpwa nikamliza kwa sauti. Mpishi nikampa sufuria kubwa. Daktari nikamfanya ale vizuri sana, aongezewe, kisha aulize mapema mno urithi utagawiwa lini.

"Ndiye!" akapiga kelele mtu wa vitunguu. "Daktari! Anakula msibani kama harusini!"

Ndiye kweli, kama ilivyokuwa kitabuni. Watu wakampongeza mtu wa vitunguu kama aliyeshinda uchaguzi, naye akaanza kugawa vitunguu kwa abiria waliokuwa wakipika pale stesheni, kabla havijaharibika. Jukwaa likageuka sherehe. Kesho yake, walipoomba nyingine, nikawapa ile ya chombo cha nyota. Bibi akataka kujua wasafiri wale wamebeba unga kiasi gani, na kama dereva wao ana karatasi ya ruhusa. Nilikuwa katikati ya safari habari ikaja: tuta limejazwa, njia iko wazi.

Hamisi akapuliza filimbi. Hakuna aliyetaka kupanda. Bibi akamshika mkono.

"Gadi, ngoja kidogo, hawajafika kwenye nyota."

"Bibi, ruhusa imeshatoka."

Treni ikaondoka na vichwa madirishani. "Watafika?" wakaniuliza kwa sauti. "Hamisi anajua!" nikawajibu, na behewa la mwisho likapita, naye amesimama mlangoni ananipungia bendera ya kijani ambayo wakati huo haikuwa na kazi yoyote ya kisheria.

Aliporudi sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Alikuwa amewasimulia mwisho wa hadithi behewa moja baada ya jingine mpaka Mpanda.

"Zuhura," akanong'ona, "hii kazi haifai mtu mmoja. Nitume wazee wangu Tabora?"

"Watume," nikasema. "Ila wamsalimie baba vizuri, nisije nikawashuku."

Mwaka uliofuata nilirudi kwa Mkaguzi, miwani ile ile. Aliniuliza kwa Kiingereza kama treni yangu imepata abiria. Nikamwambia imepata, tena wengi, na nikamsimulia yote: tuta, kola ya gadi, bibi na maziko. Nilimwambia yeye na wasaili wenzake kwamba mshukiwa wa kuvunja tuta alikuwa maji, na aliacha nyayo kila mahali. Wakacheka. Mkaguzi akaniuliza maswali ya kanuni, nikajibu. Kisha akainama mbele.

"Na huyo tajiri, nani alimuua?"

"Mzee, hilo nitalisema nikishajua kama nimefaulu."

"Umefaulu. Nani?"

"Daktari."

"Nilijua!" akasema, na akapiga meza.

Nilikuwa stesheni masta Goweko, nikavaa kofia iliyonienea, kisha Kaliua, na mwisho Tabora mjini, ambako nilistaafu. Nimefanya kazi na wakubwa wakali na wakubwa wazembe, nimeona treni zikijaa na zikipungua, na sijutii. Wajukuu huniuliza ilikuwaje kujifunza lugha bila simu ya kumtafsiria mtu. Huwaambia nilikosea sana, na nilikosea nikiwa na furaha, mbele ya watu waliocheka pamoja nami. Atakaye lugha bila kuchekwa, na akae nayo kabatini.

Sasa tunaishi Ntalikwa, tuna shamba la mahindi na karanga. Majuzi mfanyabiashara mmoja wa Kirundi aliyehamia jirani alinipa kitabu cha Kifaransa kilichochanika jalada. Kifaransa sikijui hata cha kuombea maji. Nimepata kamusi, nakaa kibarazani kila asubuhi, naenda kwa kidole. Jana Hamisi aliniletea chai, akachungulia ukurasa.

"Vipi, nani kaua?"

"Niache kwanza, mume wangu," nikamwambia. "Bado sijajua kama kuna aliyekufa."