Fundi Sura Asafisha Karoti

Shemeji yangu, mume wa dada, ana studio ya picha za vitambulisho karibu na soko, na mtaa mzima unamwita Fundi Sura. Ukiingia kwake na chunusi, unatoka huna. Makovu anafuta, mvi anafuta, hata baka la kuzaliwa nalo analifuta bila kukuuliza. Kuna mwashi mmoja aliyerudishwa benki na picha yake mkononi. Karani alimtazama yeye, akaitazama picha, akamwambia akamwite mdogo wake aje mwenyewe. Shemeji aliposimuliwa alicheka kwa furaha. Alidhani amesifiwa.

Balaa lilianzia zahanati. Nyuma yake kuna tuta la reli ya zamani, na mvua zikinyesha tuta hilo hujaa karoti mwitu. Watu huchuma majani machanga na vizizi, wakatia kwenye supu. Ila ukoo wa karoti ni kama koo zetu tu, una ndugu ambaye hatambulishwi kwa wageni. Giligilani ni wa ukoo huo, shamari ni wa ukoo huo, na yupo huyo mmoja mwenye maua meupe yaleyale na majani yaliyochanikachanika vilevile, ambaye sumu yake inamwangusha ng'ombe. Baada ya mtu kulazwa akiwa hawezi hata kusimama, muuguzi mkuu aliamua libandikwe bango la picha za mimea hiyo miwili ukutani, pale kwenye foleni. Kazi akampa shemeji, akampeleka tutani mwenyewe. Mimi nilikwenda kushika mwavuli, maana kamera ya Fundi Sura hailowi hata kama shemeji yake analowa.

"Shika hapa," muuguzi alimwambia. "Shina la karoti lina vinyweleo, linakwaruza. La huyu mwingine ni laini, lina madoa ya zambarau. Halafu karoti mara nyingi ina kiua kimoja cheusi katikati ya haya meupe. Hivyo ndivyo ninavyotaka vionekane. Umenielewa?"

"Sista, mimi na sura? Niachie mimi."

Alipiga picha nzuri, sikatai. Kisha akajifungia studio, mkono ukaanza kumwasha. Vinyweleo akaviona ni ndevu, akavinyoa. Madoa ya zambarau akayaona ni ugonjwa wa ngozi, akayatibu. Kiua cheusi nacho hakikusalimika. Bango likatoka na mimea miwili inayong'aa kama mapacha waliotoka kuogeshwa, mmoja umeandikwa KAROTI MWITU, mwingine SUMU. Muuguzi mkuu alikuwa amesafiri, kwa hiyo msafishaji wa zahanati akalibandika. Foleni nzima ikalisifu, na shemeji akavimba kichwa.

Siku chache baadaye dada alirudi nyumbani na kitita cha majani. Alikuwa amechuma kwa kufuata bango la mumewe, maana usipomwamini mumeo utamwamini nani. Nikashika shina moja. Lilikuwa laini, na lina madoa.

"Dada, hii ni sumu."

"Sumu wapi!" shemeji akadakia. "Hayo ni matope tu. Lete hapa."

Akalisugua kwa kidole gumba. Akatema mate, akasugua tena. Akaleta mpaka kile kitambaa chake cha kufutia lenzi, ambacho mimi sijawahi kuruhusiwa kukigusa. Madoa yakabaki palepale.

"Haya," dada akasema, "supu ikiiva utaanza wewe."

"Leo sina njaa."

"Na lile bango?"

"Bango liache, mke wangu. Watu wamelipenda."

Nilitamani kumzaba kibao, shemeji au si shemeji. Dada alitoka na malapa ya bafuni hadi zahanati, mimi nyuma yake, akalichana bango mbele ya foleni. Watu wakaguna: mbona anaharibu kitu kizuri namna ile? Bibi mmoja mwishoni mwa benchi akatoa kitita kwenye kikapu chake, akakiinua.

"Mwanangu, si ungenisubiri kidogo. Hiki nilikuwa nakilinganisha na picha, vinafanana kabisa. Kingine nimeshakipeleka nyumbani, mkwe wangu anapika."

Kitita kilikuwa na madoa. Dada aliuliza nyumba iko wapi, tukatoka mbio. Tuliikuta sufuria inatokota na watoto wameizunguka, kila mmoja na kijiko chake. Dada aliinyanyua kwa mikono mitupu, akaimwaga uani. Mkwe wa bibi alimporomoshea matusi mpaka alipoelezwa. Akakaa chini palepale, akawavuta watoto kwake.

Ndipo shemeji akafika, ameelekezwa na watu wa foleni, anahema, anauliza kama kuna aliyekula. Nikamwambia hakuna.

"Basi tumshukuru Mungu," akasema. "Hakuna kilichoharibika."

Dada aligeuka, viganja vimebabuka, amevishika mbele yake kama si vyake.

"Hawa wangezikwa wiki hii," akamwambia. "Na picha za kuweka juu ya majeneza wazazi wao wangekuja kusafisha kwako. Ungewafuta nini?"

Shemeji akawatazama wale watoto, vijiko bado mkononi, makamasi yamewafika mdomoni. Akaanza kulia. Na mimi, niliyekuwa nimemwandalia maneno njia nzima, nikayaacha.