Kumpelekea Mwaitu Kisiki cha Mutua

Nilitoka nyumbani Kayole kwa sababu ya macho ya mama mkwe wangu. Sisi Wakamba mama tunamwita Mwaitu. Yuko Kitui, na ukungu unamfunga macho kidogo kidogo. Mwanawe Mutua, bwana wangu, alikufa ghorofa yetu ya mtaa wa Pipeline, Nairobi, ilipoanguka. Mimi nilitolewa hai. Aliyeongeza orofa mbili juu ya kuta mbovu ni Kinuthia, mwenye ploti. Aliyetuambia nyufa ni za plasta tu ni Wafula, msimamizi wake. Nawataja kwa sababu hakuna mwingine aliyewataja.

Mwaitu hajawahi kufika Nairobi. Kabla macho hayajafungwa, alitaka kuona mahali Mutua alipokuwa akichonga vinyago vyake. Video yangu ya kwanza, niliyompigia nikitembea mjini, aliitazama kule Kitui, akanirudishia kamera. "Mwanangu, mimi naona miguu yako na mbingu."

Saa tatu asubuhi nilikuwa Komarock kwa Musa, ambaye hupiga video za harusi. Kamera yangu ni ndogo ya mfukoni, ya mtumba, kioo kina mikwaruzo. Aliigeuzageuza, akacheka.

"Mathe, hii ni ya kuchezea watoto."

"Ndiyo niliyo nayo."

"Basi itatosha. Shida yako unatembea nayo kama unafukuzwa. Simama. Viwiko bana mbavuni. Hesabu mpaka kumi ndio usogee. Na jua likae mgongoni kwako, ama watu wote watatoka weusi kama makaa."

Akakata kipande cha sponji ya godoro, akakifunga kwa uzi kwenye tundu la sauti, ili upepo usimeze maneno ya watu.

Njiani nilifanya mazoezi kwa muuza ndizi. Nilihesabu kwa sauti mpaka akauliza, "Unahesabu ndizi zangu ama dhambi zangu?"

Mchana, Pipeline. Ghorofa zimebanana hivi kwamba jua hufika chini muda mfupi tu. Nilipotoa kamera, wanawake walivuta majiko yao ndani. Huko mwenye kamera ni mtu wa kuja kubomoa. Nikairudisha mfukoni, nikaanza kusalimia, jambo nililopaswa kufanya kwanza.

Mama Kevo, jirani yetu wa zamani, bado anauza githeri, mahindi na maharage yake, pale pale.

"Mama Ndinda, ni wewe? Nilidhani ulienda kwenu ukakaa."

Nikamweleza safari yangu. Akainua uso madirishani: "Tulieni, ni wa kwetu. Anampigia mamake Mutua video." Majiko yakatoka tena.

Nilianza na ghorofa mpya. Kinuthia amejenga pale pale, akapaka rangi ya waridi. Nilitaka watu waione. Viwiko nilibana, kumi nilihesabu, lakini picha ilitikisika tu.

"Achana na ukuta wa huyo mtu," Mama Kevo alisema. Akaondoa sufuria ya githeri. Chini yake kulikuwa na kisiki ambacho Mutua alikuwa akichongea twiga wake wa mbao, makovu ya patasi yote yapo. "Nilikitoa kwenye vifusi. Wangekifanya kuni."

Nikakiinamia, jua mgongoni. Picha ilitulia. Lakini kivuli changu kilikuwa kimelala nusu ya kisiki, na nilipotaka kurudia, jua lilishapita nyuma ya ghorofa.

Jioni nilirudi Kayole nikijilaumu. Musa hakuniambia kwamba jua la mgongoni huja na kivuli.

Jumamosi, Kitui. Mwaitu alisogeza kamera karibu na pua.

"Hiki cheusi ni nini?"

"Ni mimi, Mwaitu. Nimekuharibia."

Akaniambia nimwonyeshe tena, mara tatu. Kidole chake kilipita kiooni juu ya makovu ya patasi, kikafika kwenye kivuli.

"Mutua alikaa hapa?"

"Hapo."

"Na wewe ulikuwa unasimama karibu naye hivi?"

"Kila siku, nikimletea chai."

Akaacha kidole pale pale kwenye kivuli. "Basi hujaharibu. Miaka yote mimi nilimwona akilini huko peke yake."

Nimejifunza kusalimia kabla ya kutoa kamera, kusimama, na kujua jua liko wapi. Video ya ghorofa ya Kinuthia bado inatikisika, na nitairudia mpaka itulie. Ya kisiki sitaigusa.