Vishimo vya Fimbo

Fundi aliyetumwagia kibarazani zege la nakshi ya maua ndiye huja kila mwaka kuliosha na kulipaka dawa ya kung'arisha. Kwanza huvua viatu. Hupiga magoti, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Penye uwazi chini huguna, "Hapa pamechoka," kana kwamba anamsemea mgonjwa. Saruji imemganda hadi ndani ya kucha. Mwaka huu, wa kwanza bila mama, kaka yangu alimsimamia akimwonyesha kila kasoro ya kuziba, maana anataka kuipangisha nyumba. Wakafika mlangoni, kwenye vishimo vitano vya fimbo ya mama, aliyetoka kukagua kazi siku ile zege likiwa bado bichi. Fundi alimfokea kweli: "Mama, unaniharibia maua!" Mama akamjibu kwamba hayo maua yenyewe yamepinda. Kaka hakuwapo siku hiyo.

"Na hivi navyo ziba," kaka alisema. Nilitaka kumkataza, fundi akaniwahi. Akaweka mwiko chini. "Hivi ni vya kupitishia maji, bosi. Ukiviziba, mvua itakuingilia sebuleni." Kaka akaitikia, akaenda zake. Fundi akachovya brashi, akavipaka dawa kimoja kimoja, taratibu, bila kunitazama.